Papa wa Roma na maana ya neno "pekee"

Tarehe 11 Aprili 2019, mafungo ya kiroho ya siku mbili yalikuwa yanafikia tamati katika nyumba ya Mtakatifu Marta, ndani ya kuta za Vatikani. Papa Fransisko, aliyekuwa na umri wa miaka 82 na aliyekuwa akitembea kwa shida, aliwaendea viongozi wa Sudan Kusini waliosimama mbele yake, akashikwa na wasaidizi wake ili aweze kupiga magoti, akainama hadi sakafuni na kubusu viatu vya Rais Salva Kiir. Kisha akainuliwa, akasogea, akapiga magoti tena na kubusu viatu vya Riek Machar, halafu vya wengine waliokuwa wameteuliwa kuwa makamu wa rais, miongoni mwao Rebecca Nyandeng, mjane wa John Garang. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amewasihi kama ndugu wabaki katika amani waliyoitia saini Septemba 2018.

Miaka 944 nyuma, katika daftari la barua za Papa Gregori VII, iliandikwa orodha ya kauli 27 fupi fupi inayojulikana kwa Kilatini kama Dictatus Papae. Kauli ya 9 inasema kwamba Papa peke yake ndiye ambaye wakuu wote wa dunia wanapaswa kubusu miguu yake. Ya 11 ni fupi kupita nyingi za wenzake: kwamba jina hili ni la pekee duniani.

Aliyedai kubusiwa na aliyebusu ni watu wa cheo kimoja, na matendo yote mawili ni ya pekee kwa maana ya kwamba huwezi kumtaja mtawala mwingine ambaye angeyafanya yakaeleweka. Lakini ni dhahiri kwamba upekee wa mwaka 1075 si ule wa mwaka 2019. Mkanganyiko mwingi unaotokea watu wanapojadili nguvu za kisiasa za Papa, awe anasifiwa au analaumiwa, unatokana na kuzichanganya aina hizi za upekee kana kwamba ni kitu kimoja.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuanza kuzitenganisha. Tukisema "mtoto wa pekee" tunahesabu: yupo mmoja, hana ndugu. Tukisema "mtu wa pekee" tunasifu: wapo wengi, ila huyu si kama wengine. Na tukisema "yuko peke yake" tunaweza tukawa tunamsikitikia, maana hana wa kumsaidia wala wa kushauriana naye. (Kampuni za simu, ambazo kwazo kila kifurushi cha wiki ni "ofa ya kipekee", zimeongeza maana ya nne ambayo hatutahitaji hapa.)

Wanaofanya kazi ya kuchambua mambo katika taaluma mbalimbali wamelazimika kuwa waangalifu zaidi. Mwanahisabati akitaka kuthibitisha kwamba jawabu ni la pekee, hugawa kazi yake mara mbili: kwanza aonyeshe kwamba jawabu lipo, kisha aonyeshe kwamba halipo la pili, na ithibati ya kwanza haimpi kamwe ya pili. Wakati mwingine upekee unazaliwa na maana ya maneno yenyewe, kama vile 2 inavyokuwa namba tasa pekee iliyo shufwa. Hakuna utafiti utakaovumbua nyingine. Katika baiolojia mambo hayana uhakika wa namna hiyo. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa mara nyingi, alipotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1938 alihesabiwa kuwa spishi moja iliyobaki ya ukoo uliodhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria. Ikabaki hivyo hadi miaka ya 1990, alipopatikana Indonesia silikanti wa spishi nyingine. Upekee wake ulikuwa ni wa kutokujua kwetu.

Mnyama anayenisaidia zaidi katika mada hii, na nasema hivyo bila nia ya kumkosea yeyote adabu, ni muhanga. Ana pua kama ya nguruwe, masikio kama ya punda, ulimi wa kulambia mchwa na makucha ya kuchimbia. Kila kiungo chake unaweza kukipatia mfano kwa mnyama mwingine, lakini mkusanyiko wake haupo kwingine, na wataalamu wamempa oda nzima, yaani ngazi ya uainishaji iliyo juu ya familia, akae peke yake. Hata hivyo hakuwa hivi tangu mwanzo. Mabaki ya jamaa zake wa kale yamefukuliwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Muhanga ni wa pekee kwa sababu wengine walikwisha. Tutarudi kwake.

Gregori VII hakuwa akizungumzia upekee wa aina hiyo. Madai yake yalikuwa ya cheo: kwamba ngazi ina kilele, kileleni hapakai wawili, na anayekaa pale anaweza kuwavua madaraka hata makaisari (kauli ya 12) wala hahukumiwi na mtu (kauli ya 19). Ugomvi wake na Mfalme Henry IV wa Ujerumani ulihusu jambo la vitendo kabisa, yaani nani awateue maaskofu, na jambo hilo halikuwa dogo kwa kuwa maaskofu wa Ujerumani walitawala ardhi, walikusanya kodi na walitoa askari. Februari 1076 Gregori alimtenga Henry na Kanisa na kuwafungua raia wake kutoka kiapo cha utii. Wakuu wa Ujerumani, waliokuwa na manung'uniko yao wenyewe, wakampa mfalme mwaka mmoja awe amepatanishwa, la sivyo wasingemtambua tena.

Ndipo ikaja ile safari ya Canossa. Januari 1077 Henry alivuka milima ya Alpi katikati ya kipupwe cha baridi, akafika kwenye ngome ya Bibi Matilda wa Toscana alikokuwa Papa, na kwa siku tatu akasimama nje ya lango akiwa pekupeku, amevaa sufu ya watubu. Picha hiyo imebaki kuwa alama ya ushindi wa Papa dhidi ya mfalme. Ukiitazama kwa karibu unaona kitu kingine. Gregori mwanasiasa alikuwa na kila sababu ya kumwacha Henry nje mpaka mwaka uishe. Gregori padre hakuweza kumnyima msamaha mtu aliyetubu hadharani. Siku ya nne lango likafunguliwa, na mfalme akarudi nyumbani na taji lake. Mwaka 1084 aliingia Roma na jeshi, akamweka kwenye kiti Papa wake mwenyewe, akavishwa na huyo taji la kaisari. Gregori alifia uhamishoni Salerno mwaka 1085. Silaha aliyokuwa nayo ilifanya kazi pale tu wengine walipokubali kuiogopa, na walikubali pale ilipowafaa.

Mtindo huo ulijirudia kwa karne mbili na zaidi. Inosenti III alimbana Mfalme John wa Uingereza hadi mwaka 1213 akaikabidhi nchi yake kwa Papa na kuipokea tena kama kibaraka, kwa ahadi ya kulipa mark 1,000 kila mwaka. Bonifasi VIII alitoa mwaka 1302 waraka ambao neno lake la kwanza ni "moja", Unam sanctam, akisema kwamba upanga wa dini na upanga wa dola vyote viko katika mamlaka ya Kanisa, na kwamba kumtii Papa ni jambo la lazima kwa wokovu wa kila mwanadamu. Mwaka uliofuata watu wa mfalme wa Ufaransa walimvamia katika mji wake wa Anagni na kumshika. Akafariki baada ya wiki chache. Sijui waraka mwingine wa kudai enzi uliopata jibu la haraka namna ile.

Pwani yetu nayo iliguswa na madai hayo kabla haijamwona mmisionari. Mwaka 1455 Papa Nikolasi V, kwa waraka Romanus Pontifex, aliwapa Wareno haki ya kipekee ya safari, biashara na utekaji wa nchi kusini mwa Rasi ya Bojador, kaskazini-magharibi mwa Afrika, kana kwamba zilikuwa mali yake ya kugawa. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, hakuna mwenyeji aliyejua kwamba bahari yake ilikwishaandikiwa mwenyewe huko Roma. Tarehe 30 Machi 2023 Vatikani ilitangaza rasmi kwamba inaikataa nadharia ya "haki ya uvumbuzi" iliyojengwa juu ya nyaraka za namna hiyo.

Upekee wa cheo ulipata mtihani wake mkubwa ndani ya Kanisa lenyewe. Aprili 1378 makardinali walimchagua Urbano VI mjini Roma. Miezi mitano baadaye sehemu kubwa ya makardinali hao hao, wakidai kwamba walichagua kwa kuogopa ghasia za wananchi, walimchagua mwingine, Klementi VII, aliyekwenda kukaa Avignon. Ufaransa na Scotland zikamfuata wa Avignon, Uingereza na sehemu kubwa ya Ujerumani zikamfuata wa Roma. Hata watakatifu waligawanyika: Katerina wa Siena alikuwa upande wa Roma, Vinsenti Ferrer upande wa Avignon. Mwaka 1409 mtaguso, yaani mkutano mkuu wa viongozi wa Kanisa, ulikutana Pisa ili kumaliza fedheha hiyo, ukawaondoa wote wawili na kumchagua wa tatu. Na kwa kuwa wale wawili walikataa kuondoka, Ukristo wa Magharibi ukawa na mapapa watatu.

Hapa lugha ya wanahisabati inakaa vizuri ajabu. Kwamba Papa yupo, hakuna upande uliokuwa na shaka. Kilichokosekana ni ithibati ya kwamba hayupo wa pili. Isitoshe, mamlaka inayojieleza kwamba haihukumiwi na mtu haina njia ya ndani ya kuamua ni ipi kati ya nakala zake tatu iliyo halali, kwa sababu kila nakala itasema kwa usahihi kabisa kwamba haihukumiwi. Ilibidi mtu wa nje aitishe shauri. Kwa msukumo wa Mfalme Sigismund wa Ujerumani, mtaguso ulikutana Konstanz kuanzia 1414; mmoja akajiuzulu, wawili wakavuliwa, na tarehe 11 Novemba 1417 akachaguliwa Martino V, ambaye karibu kila mtu alimtambua. Mmoja wa waliovuliwa alikuwa akiitwa Yohane XXIII, na historia ilimfuta katika hesabu kiasi kwamba mwaka 1958 Kardinali Roncalli aliweza kulichukua jina na namba ile ile kana kwamba haikuwahi kutumika.

Sasa turudi kwa muhanga, maana kuna upekee mwingine uliokuwa ukikua kimya kimya pembeni ya huu wa cheo. Tangu Mfalme Pipino wa Wafranki alipowakabidhi mapapa maeneo ya Italia ya kati mwaka 756, Papa alikuwa pia mtawala wa nchi, yaani Dola la Papa, akiwa na magavana, magereza, sarafu na vita vya mipaka kama mtawala yeyote. Ili kuyapa madai hayo mizizi mirefu zaidi ilitungwa hati iliyosemekana kuwa zawadi ya Kaisari Konstantino, na mwaka 1440 msomi Lorenzo Valla alionyesha kwamba ni ya kughushi kwa kuchunguza Kilatini chake tu, kilichojaa maneno ambayo zama za Konstantino zisingeyatumia hivyo.

Askofu mwenye dola, hata hivyo, hakuwa kitu cha ajabu wakati ule. Maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier walitawala nchi zao na walikuwa miongoni mwa wakuu 7 waliomchagua mfalme wa Ujerumani. Askofu wa Durham huko Uingereza alikuwa na mahakama na mamlaka yake ya kitawala. Papa alikuwa mkubwa wa kundi, lakini lilikuwa kundi. Kisha jamaa wakaanza kutoweka mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1803, kwa mtikisiko ulioletwa na Napoleon, tawala za maaskofu wa Ujerumani zilifutwa karibu zote kwa mpigo. Durham ilivuliwa madaraka yake mwaka 1836. Hata nje ya Ukristo, ukhalifa wa Kiosmani, uliokuwa umeunganisha uongozi wa dini na kiti cha enzi, ulifutwa na bunge la Uturuki tarehe 3 Machi 1924. Andora inaye bado askofu wa Urgell kama mtawala mwenza, lakini leo ni cheo cha heshima zaidi kuliko cha utawala. Papa akabaki kama muhanga, na watu waliozaliwa baada ya hapo wakadhani aliumbwa hivyo.

Naye alikaribia kutoweka. Tarehe 20 Septemba 1870, baada ya askari wa Ufaransa waliokuwa wakimlinda Pio IX kuitwa nyumbani kwa vita dhidi ya Prussia, jeshi la Italia lilitoboa ukuta wa Roma karibu na lango la Porta Pia na kuingia. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 18 Julai, Mtaguso wa kwanza wa Vatikani ulikuwa umetangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha rasmi juu ya imani na maadili. Mamlaka ya mafundisho ilipanda mpaka juu kabisa katika majira yale yale ambayo mamlaka ya ardhi iliisha. Mwaka uliofuata bunge la Italia lilipitisha sheria ya kumpa Papa heshima za kifalme na ruzuku ya kila mwaka. Pio aliikataa, na wengi walimwona mkaidi, ingawa hoja yake ilikuwa na uzito wa kisheria: kinachotolewa na bunge la nchi moja kinaweza kuondolewa na bunge hilo hilo, na mtu anayepewa heshima zake na sheria ya Italia ni mwananchi wa Italia mwenye upendeleo, hawi mtawala. Kwa miaka 59 mapapa hawakutoka nje ya Vatikani.

Kipindi hicho ndicho jaribio bora kuliko yote, kwa kuwa kinajibu swali ambalo vinginevyo lingebaki la kinadharia: ukiondoa ardhi, kinabaki nini? Kilichobaki kilikuwa kingi. Mabalozi waliendelea kwenda na kuja. Mwaka 1885 Ujerumani na Uhispania ziligombania visiwa vya Karolini katika Pasifiki, na Bismarck, ambaye miaka michache nyuma alikuwa amewafunga maaskofu wa Kikatoliki nchini mwake, alipendekeza Papa Leo XIII awe mpatanishi. Leo, asiye na ekari moja ya dola, aliipa Uhispania enzi ya visiwa na Ujerumani uhuru wa kufanya biashara humo, na pande zote mbili zikakubali. Lazima basi kulikuwa na kitu, tofauti na nchi, ambacho serikali zilikuwa zikikitambua.

Kitu hicho kinaitwa Kiti Kitakatifu, na hapa ndipo uzi umejifunga fundo kwa wasomaji wengi. Kuna mambo matatu: Papa ambaye ni mtu, Kiti Kitakatifu ambacho ni uongozi wa Kanisa Katoliki duniani, na Dola la Mji wa Vatikani ambalo ni kipande cha ardhi cha hekta 44 unachoweza kukizunguka kwa miguu kwa chini ya saa moja. Mkataba wa Laterano, uliotiwa saini tarehe 11 Februari 1929 na Kardinali Gasparri kwa upande mmoja na Mussolini kwa upande wa pili, haukukiumba Kiti Kitakatifu. Kifungu cha 2 kinatambua kwamba enzi ya Kiti Kitakatifu katika mambo ya kimataifa ni sifa ya asili yake. Kifungu cha 3 ndicho kinachokipa ardhi. Kiti kilitangulia, dola likaletwa ili likitumikie, kama mtu anavyojengewa uzio asisumbuliwe.

Tofauti hii inaonekana katika mambo madogo ya kiofisi. Katika Umoja wa Posta Duniani mwanachama ni Dola la Mji wa Vatikani, kwa kuwa barua zinahitaji mahali na stempu. Katika Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki mwanachama, tangu lianzishwe mwaka 1957, ni Kiti Kitakatifu, ambacho hakina kinu hata kimoja na kimo humo kwa ajili ya kusema. Tanzania, iliyoanzisha uhusiano mwaka 1968, na Oman, iliyoanzisha Februari 2023, hazina uhusiano na "nchi ya Vatikani" bali na Kiti Kitakatifu, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 180. Balozi hawezi kuishi ndani ya hekta 44, hivyo ofisi zote ziko mjini Roma, na matokeo yake Italia ina ubalozi wake katika mji mkuu wake yenyewe. Zaidi ya hapo, Kiti Kitakatifu hakimkubali mtu ambaye tayari ni balozi nchini Italia, kisije kikaonekana kuwa kiambatisho chake. Ndiyo maana Tanzania imekuwa ikiwakilishwa Vatikani na balozi wake aliyeko Berlin.

Uraia wa Vatikani nao haupatikani kwa kuzaliwa. Ni wa kazi: ukiteuliwa unaupata, kazi ikiisha nao unaisha, na asiye na uraia mwingine wa kurudia hupokelewa na Italia. Na Fransisko alipofariki tarehe 21 Aprili 2025, hadi Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, alipochaguliwa tarehe 8 Mei, hapakuwa na Papa, lakini hakuna mkataba uliovunjika wala ubalozi uliofungwa. Kiswahili kimebahatika kuliita jambo hili kwa neno linalojieleza: mwenye kiti hayupo, kiti kipo.

Je, basi, hiki kiti ni cha pekee? Wanasheria husema ni cha aina yake, maneno ambayo nimeanza kuyashuku kwa sababu mara nyingi huashiria kwamba mwandishi amechoka kutafuta mfano. Mifano ipo. Shirika la Malta, ambalo ni shirika la Kikatoliki la tangu enzi za kati, lilipoteza kisiwa chake mwaka 1798, halina ardhi ya kutawala, na bado lina uhusiano wa kibalozi na nchi zaidi ya 100. Mwaka 2015 Ureno ilitia saini na Uimamu wa Waismailia, ambao Aga Khan wake anafahamika vizuri Dar es Salaam na Nairobi, mkataba wa kuweka makao yake Lisbon, ukitambua kiongozi wa dini asiye na nchi. Iran ina mwanachuoni wa dini juu ya rais. Kila kiungo kina mfano. Mkusanyiko wake, yaani dini ya watu zaidi ya bilioni moja, uongozi mmoja unaoteua maaskofu karibu kila nchi, hadhi ya kimataifa na ardhi japo kiduchu, ndio usio na mwenzake.

Wapo wanaouliza kwa haki kwa nini mkusanyiko huo upewe nafasi ambayo dini nyingine hazina. Tangu tarehe 6 Aprili 1964 Kiti Kitakatifu ni mwangalizi wa kudumu katika Umoja wa Mataifa, na azimio la tarehe 1 Julai 2004 liliongeza haki zake za kushiriki mijadala. Katika mkutano wa Cairo wa 1994 kuhusu idadi ya watu, wajumbe wake walibishana neno kwa neno juu ya uzazi na utoaji mimba, na wakosoaji wakauliza ni raia gani wanawake wanaowasemea. Jibu la kisheria ni rahisi: nafasi hiyo ilirithiwa, na historia haigawi kwa usawa. Kama jibu la haki, sidhani kwamba linatosha.

Kinachobaki ni kuona nguvu hizi zinafanya nini zinapofanya kazi. Desemba 1978 Argentina na Chile zilikuwa saa chache kutoka vitani kwa sababu ya visiwa vitatu, Picton, Lennox na Nueva, kwenye mlango wa Beagle. Yohane Paulo II, aliyekuwa Papa kwa miezi miwili tu, alimtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee wa miaka 73, akaruka huku na huko kati ya Buenos Aires na Santiago wakati wa Krismasi. Tarehe 8 Januari 1979 pande zote ziliomba rasmi upatanishi wa Papa, jambo linalooana na kifungu cha 24 cha Mkataba wa Laterano, kinachosema kwamba Kiti Kitakatifu kitakaa nje ya migogoro ya dunia isipokuwa wahusika wakiomba kwa pamoja. Ilichukua karibu miaka sita, na Samorè alifariki kabla ya mwisho. Mkataba ulitiwa saini Vatikani tarehe 29 Novemba 1984, visiwa vikawa vya Chile.

Kwa nini ilifaa pale? Serikali zote mbili zilikuwa za kijeshi, watu wao walikuwa Wakatoliki kwa wingi, na hakuna jenerali aliyeweza kurudi nyuma mbele ya jenerali mwenzake bila kuaibika. Kurudi nyuma mbele ya Papa kulikuwa na heshima. Pasipokuwa na hali hiyo, mambo huwa mengine. Benedikto XV alizitumia serikali zilizokuwa vitani pendekezo la amani tarehe 1 Agosti 1917, akaiita vita hiyo mauaji yasiyo na faida, na hakuna aliyemsikiliza. Machi 2003 Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Pio Laghi, aliyekuwa akifahamiana na familia ya Bush, akamsihi rais asiivamie Iraq. Siku 15 baadaye mabomu yalianza kuanguka Baghdad.

Na lile swali la Gregori na Henry, nani awateue maaskofu, halijafungwa. Kiti Kitakatifu hakina uhusiano wa kibalozi na Beijing, lakini tarehe 22 Septemba 2018 pande hizo mbili zilitia saini mapatano ya muda juu ya uteuzi wa maaskofu nchini China. Yameongezewa muda mara tatu, mara ya mwisho Oktoba 2024 kwa miaka minne, na maandishi yake hayajawahi kutangazwa. Safari hii hakuna aliyesimama kwenye theluji.

Sudan Kusini iliunda serikali ya umoja tarehe 22 Februari 2020, Machar akiwa makamu wa kwanza wa rais. Fransisko alikwenda Juba Februari 2023, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akifuatana na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland. Tarehe 26 Machi 2025 Machar aliwekwa chini ya kizuizi nyumbani kwake Juba. Fransisko alikuwa amerudi kutoka hospitalini siku tatu kabla, katika nyumba ya Mtakatifu Marta, na ni katika nyumba hiyo alimofariki mwezi uliofuata.